KURA TATU: FUNDISHO KWA WALIO WENGI



Tunapozungumzia haki katika uchaguzi, aghalabu tunauliza kama kura zilihesabiwa vema. Leo tunauliza jambo jingine: je, hesabu iliyo sahihi yaweza kuzaa dhuluma? Yaweza. Watu 100 wakichagua wajumbe 5, kila mmoja akipiga kura 5, na 60 kati yao wakashikamana kwa rangi au kabila, hao 60 watatwaa viti vyote. Wale 40 hawatapata hata kimoja.

Nchi yetu ililikabili suala hili katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959. Kila jimbo lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mwasia na cha Mzungu. Mgawanyo huo haukuwa wa haki, kwani Waafrika walizidi milioni 8, na Wazungu walikuwa wapatao 20,000 tu. Tena masharti ya elimu, kipato au cheo yaliwanyima Waafrika walio wengi haki ya kupiga kura. Lakini palikuwa na sharti jingine: kila mpiga kura ilimpasa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi.

Wengi katika TANU walitaka kuususia uchaguzi huo. Huko Tabora, Januari 1958, Mwalimu Nyerere aliwasihi washiriki, nao wakakubali. Penye wapiga kura Waafrika wengi, Mzungu au Mwasia hangepata kiti bila kuwaendea. Ndivyo Derek Bryceson na Amir Jamal walivyoingia katika Baraza la Kutunga Sheria wakiungwa mkono na TANU. Nchini Kenya mwaka 1957, Waafrika waliwachagua wajumbe wao peke yao. Mgombea hakuwa na sababu ya kubisha hodi kwa jirani wa rangi nyingine.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mjumbe wa wachache akichaguliwa na wengi, aweza kuwa kipenzi cha wengi na mgeni kwa wale anaowasemea. Viti vya rangi havikudumu baada ya uhuru, ila swali hilo limebaki.

Basi, sisi viongozi wa walei, tunapochagua kamati yenye viti vingi, tujiulize kabla ya kutangaza matokeo: ni nani hayumo? Na aliyemo kwa niaba ya wachache, je, wachache wenyewe walimtaka?