DAFTARI LA CHAMA LIKILALA NYUMBANI KWA KATIBU

(Hotuba ya Mkaguzi wa Ushirika kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Tunduma)



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Leo naongeza swali moja: je, daftari lenyewe hulala wapi?

Sote twajua kuwa msimu wa kahawa ufikapo kule Mbozi, au wa ufuta Momba, kazi ya katibu haiishi saa za ofisi. Mizani hufungwa jioni, na hesabu hubebwa nyumbani, ziwe katika leja au katika kompyuta. Silaumu jambo hilo. Nalaumu kulifanya bila utaratibu.

Katika chama kimoja nilichokikagua, katibu alichukua kompyuta nyumbani amalizie orodha ya malipo. Usiku ule wezi walivunja nyumba. Nakala nyingine haikuwapo. Ilibidi wakulima waitwe mmoja mmoja na stakabadhi zao za mizani, orodha iandikwe upya. Aliyetunza karatasi yake alilipwa. Mama mmoja mjane, ambaye karatasi yake ililowa mvua hata haisomeki, alibaki akisubiri kamati iliamini neno lake juu ya kilo zake mwenyewe. Katibu hakuiba hata senti, lakini mwanachama aliumia.

Tena orodha ile ina majina, namba za simu na za akaunti za benki. Hiyo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, yamtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Basi kuituma orodha ya malipo katika kundi la WhatsApp si wepesi wa kazi. Tapeli ajuaye jina la mkulima, kilo zake na siku ya malipo, hakosi la kumwambia akimpigia simu na kujifanya afisa wa benki. Na hapa kwetu mpakani, mashine iliyoibwa usiku yaweza kuwa imevuka Nakonde kabla ya adhuhuri.

Kwa hiyo nashauri mambo manne:

1. Kitu cha chama kisitoke ofisini bila kuandikwa: ni nini, nani kakichukua, lini atakirudisha, na sahihi ya mjumbe wa kamati.

2. Kompyuta na simu ya kazi ziwe na neno la siri, lisilobandikwa juu ya mashine wala kuambiwa jamaa. Watoto wasizichezee.

3. Kila jioni itolewe nakala, ikae mahali pengine chini ya kufuli. Nakala iliyomo katika mkoba uleule itaibwa pamoja na mkoba.

4. Kikipotea kitu, kamati na polisi waarifiwe siku hiyohiyo. Aibu ya leo ni ndogo kuliko hasara ya kesho.

Nanyi wanachama, tunzeni stakabadhi zenu, na ulizeni katika mkutano mkuu. Mwanachama aulizaye daftari lake liko wapi hamtukani katibu, anamsaidia kulilinda.