Kutengeneza Kuta za Mbao Kabla ya Kuzipaka Rangi



Katika nyanda za juu, kama vile Molo, Elburgon na Limuru, zipo nyumba za mbao zilizojengwa tangu zamani. Rangi ya kuta zake ikibanduka, mwenye nyumba huona haya, akakimbilia dukani kununua kopo la rangi mpya na kuipaka juu ya ile iliyokwisha kulegea. Haupiti muda mrefu zote mbili huanguka pamoja, na fedha zake zimepotea.

Neno la kwanza ni kutafuta maji yanapoingia. Mahali rangi ilipovimba, tazama kama mfereji wa bati umetoboka, au kama udongo umepanda ukagusa mbao. Ondoa kwanza sababu hiyo. Kisha dunga ubao kwa ncha ya kisu: ikizama kwa urahisi, ubao umeoza; uondoe utie mwingine.

Neno la pili ni hatari isiyoonekana. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu. Vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo, na akili iliyopotea hivyo hairudi. Kwa hiyo usiichome rangi kwa moto, wala usiikwangue kavu. Tandika turubai chini ya ukuta, lowesha mbao, ukwangue taratibu, kisha utumie msasa wa maji. Vaa barakoa ya kazi, maana leso haizuii vumbi hilo. Watoto na wanawake wenye mimba wakae mbali. Maganda yote yafungwe katika mfuko, nawe uulize ofisi ya afya ya kaunti mahali pa kuyatupa; yasichomwe wala yasiachwe penye kuku. Nawa mikono kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Rangi ya zamani inayoshika imara haina haja ya kuondolewa. Lainisha kingo zake tu. Osha ukuta kwa sabuni, uusuuze, uuache ukauke siku mbili za jua au zaidi. Gongomea misumari iliyochomoza. Mbao zilizo tupu zipake rangi ya kwanza upesi, maana jua hudhoofisha uso wake. Ndipo ujaze matundu kwa puti. Lakini usizibe upenyo ulio chini ya kila ubao unaopandana na mwenziwe, kwani unyevu hutokea hapo.

Kazi hii yafaa ifanywe Januari na Februari, kabla ya mvua za masika.

Labda mtu atasema kukwangua kunachosha. Ni kweli. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta hujengwa tena, bali afya ya mtoto haijengwi mara ya pili.