Kuvuka Bahari Bila Kupanda Ndege: Tulivyopanga Safari ya Karibi kwa Miaka 50 ya Ndoa ya Wazee Wetu

Maneno ya mwanachama wetu katika chakula cha mchana cha kuchangia maendeleo ya nyumbani. Yamechapishwa hapa kwa ombi la wanachama.

 

Kamati imenipa robo saa. Tangu turudi na wazee kutoka safari ya meli, simu yangu haijapumzika. Kila mwenye baba au mama mtu mzima ananiuliza tulifanyaje. Lipo na swali la pili, ambalo haliulizwi mbele yangu lakini linanifikia: kwa nini pesa ya starehe kiasi hicho, na nyumbani kina mama wanajifungua kwa taa ya simu? Leo nitayajibu yote mawili. Naanza na la kwanza.

Wazee wetu walitimiza miaka 50 ya ndoa. Sisi watoto tulitaka wapate jambo la kukumbuka, si keki na picha tu. Baba ana maradhi ya mapafu na daktari alimshauri asipande ndege. Basi kwenda kokote penye jua wakati wa baridi kukawa hakuwezekani, mpaka tulipojua kwamba zipo meli zinazoondoka Southampton, zikavuka Atlantiki mpaka visiwa vya Karibi, zikarudi Southampton pale pale. Toka London ni karibu maili 80 za barabara. Unateremka garini, unapanda meli, na unaporudi gari linakungoja. Uwanja wa ndege huuoni.

Kwanza mjue urefu wake. Safari za namna hii ni za wiki tatu mpaka tano. Meli huchukua siku 3 au 4 kufika Madeira au Azores, kisha siku 5 au 6 za maji matupu mpaka Barbados au kisiwa kingine cha upande ule. Asiyeweza kukaa ndani siku nyingi asiende. Sisi tulichagua siku 35, kwa sababu wazee hawakutaka mbio.

Halafu kuna hofu, na hii tusiione haya kuisema. Sisi watu wa Pemba tunaijua meli kwa mazuri na kwa machungu. Mama alipoambiwa safari ni ya meli, neno la kwanza alilotaja ni Spice Islander, iliyozama Septemba 2011 ikitoka Unguja kuja kwetu. Wengi waliomo humu walipoteza watu usiku ule. Mzee akikwambia anaogopa, usimcheke, na usimwambie "meli za Ulaya hazizami". Costa Concordia ilikuwa meli ya kitalii ya Ulaya, na ilipata ajali Italia Januari 2012. Baada ya hapo kanuni za kimataifa zikakazwa: abiria wapya sharti waelekezwe mambo ya usalama kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Tulimweleza Mama hivyo hivyo. Tukamwonyesha picha za boti za kuokolea, na siku ya kupanda tukaenda naye mpaka pale anapotakiwa kusimama kengele ikilia. Alihesabu boti mwenyewe. Usiku huo alilala.

Sasa mpango wenyewe. Nitautaja kwa mafungu ili anayetaka aandike.

La kwanza ni majira. Msimu wa vimbunga Karibi ni Juni mpaka Novemba, kwa hiyo meli nyingi za kutoka huku huenda wakati wa baridi. Sisi tuliondoka mwanzo wa Januari tukarudi kabla ya Ramadhani. Ila mjue kwamba bahari ya Biskai na Atlantiki ya kaskazini huchafuka miezi hiyo. Chukueni chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, maana hapo mtikiso ni mdogo. Dawa za kichefuchefu muulizeni daktari kwanza, hasa kwa mzee anayemeza dawa nyingine.

La pili ni chumba. Vyumba vyenye mlango mpana na bafu lisilo na kizingiti, kwa anayetumia kiti cha magurudumu au mkongojo, ni vichache katika kila meli na huwahiwa. Tuliweka nafasi mwaka mmoja na nusu kabla. Ulizeni pia ni bandari zipi meli hutia nanga nje na abiria wakashushwa kwa boti ndogo. Hapo mzee asiye na nguvu ya magoti huenda akaambiwa abaki. Na anayelala peke yake, kama mimi niliyewasindikiza, hulipishwa zaidi ya nusu ya bei ya chumba cha watu wawili.

La tatu ni karatasi, na hapa ndipo watu wetu wanapokwama. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo ndani ya nyumba moja, Baba ana pasi ya Uingereza na Mama ana ya Tanzania pamoja na ruhusa ya kuishi huku. Safari moja, masharti mawili. Madeira na Azores ni Ureno, kwa hiyo Mama alihitaji viza ya Schengen, tena ya kuingia mara mbili, kwa sababu meli ilipita huko kwenda na kurudi. Martinique na Guadeloupe ni Ufaransa lakini hazimo ndani ya Schengen, zina viza yake. Puerto Rico na Visiwa vya Virgin vya Marekani ni viza ya Marekani. Barbados, Grenada, Antigua na Saint Lucia ni nchi huru, kila moja na sheria yake.

Tuliandika orodha ya kila bandari, tukaiuliza kila nchi, tukaitaka kampuni ya meli itujibu kwa maandishi. Tukachagua njia isiyogusa ardhi ya Marekani. Na kabla ya kutoka tulihakikisha namba ya pasi ya Mama iliyomo kwenye akaunti yake ya eVisa ni ile anayosafiria, asije akazuiwa kurudi kwake. Haya yote yafanyeni kabla ya kulipa hata pauni moja.

La nne ni bima. Zahanati ya melini hulipisha, na NHS haihusiki. Ile kadi ya matibabu ya Ulaya haina kazi katika sehemu kubwa ya Karibi. Bima iseme wazi kwamba ni ya safari ya meli na kwamba italipa mgonjwa akitolewa melini. Tajeni kila maradhi, hata yale mzee anayoyaita "kidogo tu". Ya Baba ilikuwa ghali. Ulizeni bei ya bima kabla ya kulipa amana, kwa sababu inaweza kubadili hesabu yote. Dawa chukueni za siku nyingi kuliko za safari, na ziwe mkononi, si kwenye sanduku linalobebwa na wapagazi.

La tano ni chakula na ibada. Tuliandika mapema kuhusu chakula cha halali. Palipokuwa hakuna uhakika wazee walikula samaki na mboga, na samaki hakupungua. Saa hurudishwa nyuma saa moja moja njiani, mara nne mpaka Karibi, na nyakati za sala nazo huhama. Kibla ndicho kilichomfurahisha Baba. Kwetu Pemba Makka iko kaskazini kabisa. Hapa Uingereza tunaelekea kusini-mashariki. Kule Karibi tulielekea upande wa mashariki, na meli yenyewe inageuka. Kila sala alinitaka nifungue dira ya simu, akasema hajawahi kuifikiria dunia kwa namna hiyo.

La sita ni pesa, na hapa naingia kwenye swali la pili.

Tulikuwa watu 8, ndugu na watoto wa ami. Kila mmoja alitoa pauni 100 kwa mwezi kwa miezi 24. Ni kama upatu, ila hakuna aliyepokea zamu yake, zote zilikaa fungu moja na mweka hazina akatuma hesabu kila mwisho wa mwezi. Jumla ni pauni 19,200. Tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba katika kila 100, kumi ni za nyumbani na haziguswi hata bei ya meli ikipanda. Hizo zilifika pauni 1,920. Zilizobaki, pauni 17,280, zililipa nauli ya watu watatu, bima, viza na matumizi ya njiani. Hakuna aliyekopa. Na kwenye karamu ya kuwaaga tuliwaomba wageni wasilete zawadi za sahani na mashuka, walete bahasha ya nyumbani. Hizo nazo alikabidhiwa mweka hazina wa jumuiya yetu, na risiti ninayo.

Niliyoyakuta huko yananihakikishia kwamba njia hii si ngeni. Barbados huita upatu "meeting turn", Trinidad huita "sou-sou", na Wajamaika huita "pardner". Wale waliokuja Uingereza baada ya meli ya Windrush kufika Tilbury mwaka 1948 walinyimwa mikopo na benki nyingi, na wengi walinunua nyumba zao za kwanza kwa upatu huo. Watu waliovuka bahari hiyo hiyo, wakiwa na kidogo, waliweka pamoja mpaka kikatosha.

Tulipofika Grenada ndipo Baba alipoona kwao. Kile ni kisiwa cha viungo, na bendera yake ina kungumanga. Sokoni St George's alishika basbasi, akainusa, akamwuliza muuzaji mti huchukua miaka mingapi kuzaa. Akaambiwa sita mpaka minane. Baba akacheka, kwa sababu mkarafuu nao ni hivyo hivyo. Yule mama akamweleza jinsi kimbunga Ivan cha mwaka 2004 kilivyoangusha mashamba, na watu wakapanda tena wakijua hawatavuna kesho. Nilitafsiri, lakini baada ya muda kidogo hawakunihitaji. Walikuwa wakionyeshana kwa mikono.

Na mashelisheli tuliyakuta kila mahali. Kapteni William Bligh aliyapeleka huko kutoka Tahiti mwaka 1793 ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo. Leo wajukuu wao huyachoma na kuyala kwa samaki, kama sisi. Mama alikula, akasema yamekosa nazi tu.

Ndugu zangu, sikuja kuwaambia kila mmoja akate tiketi ya meli. Wapo ambao kwao hata pauni 10 kwa mwezi ni nyingi, na mchango wao naujua uzito wake. Ninachosema ni kwamba furaha ya wazee na haja ya nyumbani hugombana tunapozifikia zote mbili dakika ya mwisho, mfuko mtupu na kadi ya benki mkononi. Hapo lazima moja liangushwe, na mara nyingi ni la nyumbani, kwa sababu liko mbali na halilii mbele yetu. Zikipangwa pamoja miaka miwili kabla, kila moja hupata fungu lake. Wazee hawa ndio waliouza karafuu tukasoma. Kuwafurahisha ni deni. Na wanaojifungua gizani ni binti zao na wajukuu zao, kwa hiyo hilo nalo ni deni.

Ombi langu ni dogo. Mwaka huu kamati inakusanya kwa ajili ya tangi la maji na taa za jua za chumba cha kujifungulia. Humu ndani najua wapo wanaopanga harusi, wapo wanaopanga miaka 60 ya mama, wapo wanaopanga hitima. Kabla ya kupanga ukumbi, tengeni kumi katika kila mia ya sherehe hiyo, iandikwe tangu mwanzo. Fomu ziko kwenye meza ya mlangoni, na mweka hazina yupo pale na kitabu chake cha risiti. Anayetaka orodha yetu ya bandari na viza aniachie namba, nitamtumia bure.

Baba na Mama wamekaa meza ya pili. Baba ameniambia nisiwasimamishe, basi siwasimamishi. Ila mkipita kuwasalimia, muulizeni Mama ni boti ngapi.