Dawa ya Kuachia Pombe na Ganzi ya Miguu



Leo nataka tuzungumze juu ya mtu aliyekwisha kuamua kuacha pombe. Huyu tusimcheke. Tumsaidie.

Iko dawa iitwayo disulfiramu. Wengine huijua kwa jina la Antabuse. Wataalamu wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliitangaza mwaka 1948. Dawa hii huzuia mwili usimalize kuisaga pombe. Mtu aliyeimeza akinywa pombe, sumu hujaa damuni. Uso humwaka, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio, hutapika. Anaweza hata kufa. Kwa hiyo ni mwiko kumtilia mtu dawa hii kwa siri katika uji au chai.

Sasa nije kwenye neno langu. Tuseme jirani yetu ameimeza kwa miezi kadhaa, na pombe hajagusa. Anaanza kusikia vidole vya miguu vikimchomachoma kama sindano. Nyayo zinawaka moto, kisha zinakufa ganzi. Baadaye miguu inalegea, anapepesuka njiani. Watu wanasema, "Amerudia yale yale!" Naye kwa aibu ananyamaza, anaendelea kumeza.

Kumbe huenda ni dawa yenyewe inayoumiza mishipa ya fahamu. Ni kweli pombe nayo huiharibu mishipa hiyo, hasa mtu akikosa vitamini B1. Wewe na mimi hatuwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili. Daktari ndiye wa kupima.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Arudi mapema hospitali na pakiti yake ya dawa. Aseme alianza lini na anameza vidonge vingapi kwa siku. Daktari anaweza kuipunguza, kuisimamisha, au kumpa nyingine. Kwa wengi ganzi hupungua dawa ikisimamishwa, lakini polepole, kwa wiki na miezi. Akichelewa, inaweza kubaki.

Tena akumbuke: kuacha dawa siyo ruhusa ya kunywa. Nguvu yake yaweza kukaa mwilini hata siku 14.

Na sisi tukimwona anayumba, tusikimbilie kusema amelewa. Tumwulize kwanza: "Ndugu, miguu inaendeleaje?" Swali hilo laweza kumwokoa.