Makanisa ya Kale ya Pwani: Hotuba ya Mzee wa Kanisa katika Ibada ya Jubilei



Katika maandalizi ya Jubilei hii, wazee na vijana wa Usharika wetu wa Magomeni tulikodi basi tukazuru makanisa ya kale ya mkoa wetu na jirani zake. Nimepewa jukumu la kueleza tuliyojifunza. Huko Ujerumani, Walutheri husafiri hadi Erfurt kuiona nyumba ya watawa wa Kiaugustino, alikoingia Martin Luther mwaka 1505. Sisi hatuna majengo ya umri huo, lakini mababa zetu katika imani nao walituachia njia.

Tulianzia Azania Front, kanisa lenye mnara na vigae vyekundu linaloitazama bandari. Misioni ya Kilutheri iliingia Dar es Salaam mwaka 1887, na ujenzi wa kanisa lile ukaanza mwaka 1898. Kisha tulipanda Pugu, ambako watawa wa Kibenediktini walifungua kituo mwaka 1888. Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri, kituo kilichomwa na baadhi yao wakauawa. Tuliwaombea ndugu hao. Tulikumbushana pia kwamba Injili iliwasili wakati mmoja na utawala wa kigeni, na wenyeji hawakuwa na njia rahisi ya kutenganisha kimoja na kingine.

Kutoka hapo tulifika Kisarawe, kituo kilichoanzishwa mwaka 1892, na hatimaye Maneromango, kilichoanza mwaka 1895. Ndipo kijana mmoja akauliza: wamisionari tunawasoma vitabuni, je, waliobeba mawe na kuchota maji ya ujenzi ni akina nani? Ndani ya basi zima hakuna aliyeweza kutaja hata jina moja.

Ndugu zangu, swali hilo ni letu sote. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa, ibada hazikukoma. Waalimu na wainjilisti Waafrika waliendelea kufundisha, kuzika wafu na kufariji waliobaki. Bila wao, lisingalikuwapo la kuunganishwa tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba yalipokuwa KKKT.

Leo sharika nyingi zinakua, na majengo ya zamani hayatoshi. Kujenga upya si dhambi. Lakini tusibomoe ukuta kabla ya kuupiga picha, wala tusimzike mzee kabla ya kumsikiliza. Naomba vitabu vya ubatizo vihifadhiwe pakavu, na kila jumuiya iandike majina ya waliotangulia, pamoja na akina mama waliofagia kanisa hili.

Mungu aubariki Usharika wetu. Amina.