Watoto Waliozuiwa Njiani

Dominika ya 27, Mwaka B (Mk 10:2-16)



Mahubiri mengi leo yatahusu ndoa, na ni haki. Sisi tusimame kwenye aya za mwisho za Injili tuliyoisikia. Mitume waliwakemea waliomletea Bwana watoto. Hawakuwa waovu, walidhani tu kwamba Mwalimu ana shughuli kubwa zaidi. Naye akachukizwa nao.

Kosa hilo twalitenda hata leo, kwa kalamu, tunapopanga matumizi ya fedha za umma. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili huwapa methadoni walionaswa na heroini. Mgonjwa hufika kila siku kunywa kipimo chake mbele ya mhudumu. Ni kazi ya huruma, nasi twaishukuru. Lakini kila aliye katika foleni ile aliwahi kuwa na miaka minne. Pengine alilala kwa hofu akisikiliza hatua za baba anayerudi kutoka kilabuni, na hakuna aliyemwuliza neno. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba theluthi moja ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14.

Mwaka 2017 Serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali vilivyoingia hata katika mfuko wa kaptula ya mwanafunzi. Vema. Ila katazo halidai mshahara. Mlezi aliyefundishwa kumtambua mtoto aliyeumia moyoni audai kila mwezi. Desemba 2021 Taifa lilizindua programu ya miaka mitano ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Halmashauri isipoitengea fungu programu ya namna hiyo, hubaki kabatini. Kila kreti ya bia hulipiwa ushuru. Twaona ni haki sehemu maalumu ya ushuru huo iwarudie watoto, na madiwani waulizwe hadharani.

Lakini tutawauliza kwa uso gani? Katika parokia tunayoiongoza, darasa la chekechea liliezekwa kwa mapato ya sikukuu ya mavuno, na pato kubwa lilitoka meza ya bia. Watoto wenyewe ndio waliookota chupa, nasi tukatoa shukrani altareni. Halmashauri ya parokia itakutana Jumamosi ijayo. Jambo hilo ndilo la kwanza katika ajenda, na mweka hazina ameshatuonya kwamba mabati ya darasa la pili hayajalipiwa.