Kasi Kamili Siyo Kasi Kubwa



Nimeombwa nieleze kazi yangu. Nitaeleza neno moja nililolikosea, na kazi mtaiona humo.

Mwaka jana tulileta maabara hapa kompyuta ndogo za bodi moja, ziendeshwazo na Linux. Kompyuta za namna hiyo hazijui zenyewe zina viungo gani. Huwekewa faili la maelezo, ambalo mfumo endeshi hulisoma unapoamka: kuna mtambo wa USB, uko mahali fulani, mwisho wa kasi yake ni huu. Mwisho huo usipoandikwa, mtambo hujaribu kwenda kwa nguvu zake zote.

Yetu haukuandikwa. Mtambo uliweza gigabiti 5 kwa sekunde, lakini njia za shaba kwenye bodi hazikustahimili. Mnakumbuka Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025: basi liwe na injini ya namna gani, likifika majini lilikwenda kwa mwendo wa kivuko. Tofauti ni kwamba basi lilisubiri. Diski yetu ilikatika katikati ya kunakili, na Kidato cha Nne wakapoteza kazi ya majuma mawili.

Dawa ni kuandika kikomo cha chini zaidi. Nikaandika "kasi kamili". Kamili, nikadhani, ni kamili. Kukatika kukakoma, ila gigabaiti 9 za masomo zikawa zinachukua zaidi ya saa moja na nusu. Vijana walinistahi, hawakusema kitu.

Kosa langu lina historia. USB ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na kasi mbili: ya chini, megabiti 1.5 kwa sekunde, na kamili, megabiti 12. Wakati ule 12 ilikuwa ndiyo kilele. Mwaka 2000 ikaja 480, na jina "kamili" lilikwisha kutumika, basi ikaitwa kasi ya juu. Mwaka 2008 zikaja gigabiti 5, wakatafuta jina kubwa zaidi. Walioyatoa majina hawakufikiri kwamba kesho ipo!

Hati za Linux huorodhesha majina yanayokubalika katika faili hilo, na ipo programu ya kukagua kama umeandika mojawapo. Mimi nilipita ukaguzi bila doa, maana neno langu lilikuwamo orodhani. Programu hukagua neno. Haijui bodi yako. Na orodha niliyokuwa nayo ilitaja majina tu, bila tarakimu.

Nilipobadili kuwa kasi ya juu, zile gigabaiti 9 zikapita kwa dakika tano hivi, wala diski haikukatika tena.

Karatasi ya maelezo ya maabara sasa ina jina, tarakimu yake, na sababu ya kuchagua kikomo hicho kwa kila bodi. Zimebaki bodi nne katika chumba cha pili hazijapimwa. Baada ya chakula nitakuwa huko na diski mbili. Wanaotaka kupima waje na daftari.